Mizani ya Gitaa Imechakachuliwa

Wapenzi wa muziki wa dansi wakikutana, haipiti nusu saa kabla kesi ya zamani haijafunguliwa: nani alikuwa mpiga gitaa bora, na nani anasifiwa bure? Majina ni yaleyale. Franco Luambo anapandishwa kizimbani kwanza, Docteur Nico anafuata, halafu Mbaraka Mwinshehe, Ndala Kasheba, Diblo Dibala. Mmoja anasema Franco alibebwa na ukubwa wa bendi yake, vidole vyenyewe vilikuwa vya kawaida. Mwingine anaapa kwamba Nico hajapata mpinzani hadi leo. Anayetaka kuonekana mjuzi kuliko wote anatoa jina la mpiga solo ambaye wenzake hawajawahi kumsikia, wanatikisa vichwa kwa heshima, na kesi inaahirishwa.

Ugomvi wangu ni na kesi yenyewe. Katika orodha yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeingia kwa sababu ya kupiga ridhimu, sekondi solo au besi. Bendi nyingi za rumba na dansi zilijengwa juu ya magitaa manne, na sisi kwa miaka hamsini tumegombania moja.

Tuuweke msimamo wao kama wenyewe wanavyouweka, tusije tukawasingizia. Wanasema gitaa la solo husikika juu ya vyombo vyote, kwa hiyo anayelipiga hana pa kujificha. Akikosea nota moja, ukumbi mzima unajua. Solo ndiyo inayoutambulisha wimbo: sekunde mbili za mwanzo zinatosha mtu kuacha bia yake mezani. Solo inataka ubunifu wa papo kwa papo, wakati ridhimu hurudia kilekile tangu mwanzo hadi mwisho na besi hufuata nyayo. Bendi zilipoibiana wanamuziki, mpiga solo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwindwa. Basi, wanahitimisha, fundi wa gitaa apimwe kwenye solo, kwa wepesi wa vidole, usafi wa nota na wingi wa mapya. Wa ridhimu apewe ahsante yake, akae pembeni.

Hoja hiyo inasimama vizuri mpaka uiguse.

1. Hamjui mnamshitaki nani

Shitaka la kwanza dhidi ya Franco ni kwamba anarudiarudia. Anakamata kipande kifupi, anakizungusha, anakizungusha tena, na dakika tatu baadaye bado yuko palepale. Fundi, wanasema, ni Nico, ambaye nota zake zimepangika kama shanga kwenye uzi.

Haya. Lakini sebene, ile sehemu ya wimbo inayoachiwa magitaa, ni ya kuchezwa. Mchezaji aliyekwisha kuushika mwendo hataki kushtuliwa kila baada ya hatua nne na mpiga gitaa anayetaka kuonyesha kwamba amesoma. Anataka kipande kimkamate, kimkaze, kisimwachie. Na mtazame huyo mshitaki mwenyewe: wimbo ukifika kwenye sebene anainuka kitini, na kinachomwinua ni kipande hichohicho anachokiita kasoro. Ushahidi wa miguu yake unapinga hukumu ya mdomo wake.

Liko tatizo kubwa zaidi. Kufikia miaka ya 1970 na 1980, TPOK Jazz, bendi ya Franco, haikuwa bendi ya mpiga gitaa mmoja. Ilikuwa na wanamuziki wengi kiasi kwamba iliweza kugawanyika, kundi moja likiwa Ulaya na jingine likibaki Kinshasa. Michelino Mavatiku Visi, Gerry Dialungana na Papa Noël Nedule wote walifanya kazi humo, kila mmoja na mkono wake. Mtu anayeweka santuri ya miaka hiyo na kutangaza kwamba "hapa Franco kaua" au "hapa Franco kachemsha" anaweza kabisa kuwa anamsifu au kumtukana mtu mwingine. Mahakama isiyomtambua mshitakiwa inapata wapi ujasiri wa kutoa hukumu?

Upande wa Nico hali ni hiyohiyo. Alipokuwa African Jazz ya Joseph Kabasele, kisha African Fiesta, aliyempigia ridhimu alikuwa kaka yake, Charles Mwamba, maarufu kwa jina la Déchaud. Ndugu hao wawili walikuwa pamoja Brussels mwaka 1960, bendi iliporekodi "Indépendance Cha Cha". Usafi wa nota za Nico tunaoupigia makofi una sharti lake: nota ya juu husikika safi pale tu ya chini yake ikiwa imetulia. Aliyeituliza ni Déchaud. Katika mabishano haya yeye huingia, kama akiingia kabisa, kwa mlango wa undugu: "Nico alikuwa na kaka yake pia." Ndiyo, alikuwa naye. Na mlikuwa mnamsikia kila mliposema mnamsikia Nico.

2. "Walioshindwa solo" na nyimbo mnazozipenda

Kuna imani isiyosemwa sana lakini iliyoenea: ridhimu ni ya aliyejaribu solo ikamshinda. Tuipeleke imani hiyo kwenye nyimbo zenyewe.

Simaro Lutumba aliingia bendi hiyo ya Franco, wakati huo ikiitwa OK Jazz, mwaka 1961 na akabaki mpiga ridhimu wake hadi Franco alipofariki mwaka 1989. "Mabele", aliyoiimba Sam Mangwana, ni utunzi wake. "Maya" ni yake. Watu walimwita Mshairi. Franco alipokuwa safarini, Simaro ndiye aliyeshika usukani wa bendi. Huyo ndiye aliyeshindwa?

Tuje karibu na nyumbani. Les Wanyika iliundwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 1978 na wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika. "Sina Makosa" ni utunzi wa Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, na Profesa alikuwa mpiga ridhimu. Solo ilikuwa ya John Ngereza, besi ya Tommy Malanga. Tangu Mombasa hadi Mwanza wimbo huo ukianza hakuna anayeuliza ni upi.

Sasa usikilize bila kuimba. Ridhimu haizikung'uti nyuzi zote kwa mkupuo. Inazivunja, uzi baada ya uzi, bila kuchoka na bila kuharakisha. Juu yake solo inaingia na kipande chepesi, inasema neno lake, inanyamaza. Besi haiko nyuma ya mtu. Ina mstari wake, inaacha pengo, inarudi mahali ambapo hukuitegemea. Kipande cha solo mwanafunzi mwenye bidii hukipata upesi, na vijana wengi wamekipata. Wakishakipata wanashangaa kwa nini wimbo hautoki. Hautoki kwa sababu wamechukua kifuniko na kuacha chungu.

Wala si ajabu kwamba watunzi wakubwa walikaa kwenye ridhimu. Mpiga ridhimu ndiye anayeishika njia ya wimbo: wapi unageuka, wapi unatulia, wapi mwimbaji anahitaji nafasi ya kuvuta pumzi. Mpiga solo anaweza kuingia na kutoka. Wa ridhimu akitoka, hata kwa hatua mbili tu, kila mtu anamgeukia, pamoja na huyo bingwa wa solo. Kwa hiyo hoja ya kwamba solo pekee haina pa kujificha nayo inaanguka. Mpiga solo akikosea, anarudia kosa hilo mara tatu na watu wanadhani ni mtindo mpya. Wa ridhimu akikosea, wachezaji wanakanyagana.

3. Mlisikiliza redio, hamkusikiliza bendi

Hapa ndipo mizani ilipochakachuliwa, na waliobishana hawakuiona.

Sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 1970 na 1980 ilirekodiwa kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, mkupuo mmoja, sauti zikaenda moja kwa moja kwenye utepe. Kisha wimbo ukarushwa hewani, ukapokewa na redio ndogo ya betri juu ya kabati, chini ya mwembe, au kwenye usukani wa baiskeli.

Uzi mzito wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya redio kama ile huanza kuishiwa nguvu kwenye mitetemo kama 200 kushuka chini. Nota za solo, zile zinazopigwa karibu na tumbo la gitaa, nyingi huangukia kati ya mitetemo 500 na 1,000, yaani palepale spika hiyo inapojisikia nyumbani. Ridhimu iko katikati, nusu inasikika, nusu imemezwa na tumba na sauti za waimbaji.

Maana yake ni nini? Kizazi kizima kilijifunza kusikiliza gitaa kwa chombo kisichoweza kuitoa besi, kisha kikatangaza kwamba besi si kitu. Tulipima ufundi wa watu kwa ukubwa wa spika. Waliokuwa ukumbini wakicheza walijua habari nyingine, maana huko besi huingia kwa nyayo na kutokea kifuani. Lakini mabishano ya leo yameachiwa waliosikiliza redioni na watoto wao waliorithi kanda.

4. Kasi ina wateja, haina cheo

Hili nitalipita haraka, kama wenyewe wanavyopenda. Diblo Dibala aliitwa bunduki ya rashasha, na katika soukous ya Paris ya miaka ya 1980, akiwa na Kanda Bongo Man kisha kundi la Loketo, jina lilimfaa. Wanaomweka kileleni wanatoa sababu moja: hakuna aliyekuwa mwepesi kama yeye. Waulize basi kwa nini hawamweki juu zaidi kijana wa leo anayempita kwa kasi, maana wapo tele. Watajibu kwamba kijana huyo "hana ladha". Ahaa. Kumbe kasi haikuwa kipimo. Kipimo kilikuwa ladha, na ladha hiyo ilitengenezwa na watu watatu wengine ambao hawamo kwenye orodha.

5. Mashahidi wao wanatugeukia

Wakibanwa, watetezi wa solo huita mashahidi watatu.

Wa kwanza ni Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952. Gitaa moja, mtu mmoja, hakuna bendi: kama huyo si mfalme wa solo, ni nani? Tatizo la shahidi huyu ni dole gumba lake. Katika wimbo wake "Masanga", kidole cha shahada kinacheza juu huku gumba likiendesha sauti nzito chini, kila moja na kazi yake, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Ondoa gumba, wimbo umekufa. Bosco hakuwa mpiga solo. Alikuwa bendi nzima iliyokosa mahali pa kukaa ikakaa kwenye mkono mmoja. Wapigaji wa Kenya wa zama hizo walilielewa hilo vizuri. George Mukabi wa magharibi ya Kenya, bingwa wa mtindo wa omutibo, alilipiga gitaa namna hiyohiyo, na mlio wa chupa ya soda ukashika mapigo pembeni. Hao wa chupa nao hatujawauliza majina.

Shahidi wa pili ni Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12. Wanasema huyo alikuwa mfalme asiyehitaji msaada. Tulitazame hilo gitaa. Nyuzi 12 hufungwa kwa jozi sita: jozi mbili nyembamba hutoa sauti moja, na zile nne zilizobaki huwa na uzi mzito na pacha wake mwembamba anayelia hatua nane juu. Kila ukigusa, wanaitika wawili. Mpiga solo anayechagua gitaa la namna hiyo ametafuta sauti ya pili ya kumjaza, akaifunga kabisa kwenye chombo chake. Shahidi amekuja mahakamani na msaidizi mkononi.

Wa tatu ni mzito kuliko wote: Mbaraka Mwinshehe. Watu walilipa kiingilio kumwona yeye, tangu Morogoro Jazz hadi Super Volcano aliyoianzisha mwaka 1973, na ajali iliyomuua Mombasa Januari 1979 iliwaliza watu Afrika Mashariki nzima. Sikatai hata neno moja hapo. Nauliza tu: walilipa kuona nini? Mbaraka alitunga, aliimba, aliongoza bendi na alipiga solo. Ukichukua mapenzi ambayo watu walikuwa nayo kwa mtunzi na mwimbaji ukayaandika yote kwenye hesabu ya vidole, umefanya udanganyifu wa mahesabu. Na ukitaka kujua Mbaraka mwenyewe aliionaje solo, sikiliza jinsi anavyoinyamazisha akiimba, akiwaachia wenzake wimbo mikononi. Aliwaamini kuliko mashabiki wake wanavyowaamini.

6. Hasara isiyoandikwa

Kuna atakayesema: mabishano haya ni burudani tu, yanamdhuru nani? Yamedhuru watu wenye majina, ingawa majina hayo ndiyo tuliyoyapoteza.

Bendi nyingi za Tanzania zilikuwa za mashirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Mlimani Park ikalelewa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC, Bima Lee na Shirika la Bima. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na gitaa alilopiga usiku kucha lilikuwa mali ya mwajiri. Hakuwa na chombo, hakuwa na studio. Silaha pekee aliyokuwa nayo ya kudai mshahara bora ilikuwa sifa. Mpiga solo mwenye jina aliweza kutishia kuhamia bendi nyingine, akasikilizwa. Wa ridhimu aliyetishia kuhama aliambiwa afunge mlango akitoka. Sifa tulizozigawa kwa upendeleo kwenye vijiwe ziligeuka shilingi kwa huyu na ukata kwa yule.

Tazama pia desturi ya jukwaani. Wimbo ukichemka, mwimbaji humwita mpiga solo kwa jina, na jina hilo huingia kwenye utepe likaishi. Wa besi huitwa mara chache, wa ridhimu mara chache zaidi. Mtangazaji naye akisoma, anasoma wimbo, bendi na mtunzi. Miaka arobaini baadaye utepe upo, sauti ya mtu ipo, mtu mwenyewe hayupo popote.

Sheria, kwa mara moja, iko mbele ya kijiwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 haikuishia kwa mtunzi. Hakishiriki inamtambua pia mtumbuizaji, na humo yumo aliyepiga gitaa lolote. Lakini haki hudaiwa kwa jina. Mjane wa mpiga besi atakwenda kudai kwa ushahidi gani, wakati hata sisi tunaojiita wajuzi wa zilipendwa hatuwezi kusema ni mumewe aliyepiga?

Hasara ya mwisho inasikika kila wikiendi. Kijana anayejifunza gitaa leo anaanza na solo, anamaliza na solo. Katika bendi nyingi ridhimu amekabidhiwa mpiga kinanda, na sekondi solo amefutwa kazi bila barua. Kisha wazee walewale waliomfundisha kijana huyo kwamba gitaa ni solo wanakaa pembeni wakilalamika kwamba muziki wa siku hizi mwepesi, hauna nyama. Nyama aliileta nani? Mlimwita aliyeshindwa.

7. Hukumu

Simshushi Franco, simshushi Nico. Kumbadilisha mfalme mmoja kwa mwingine ni kuiendeleza kesi mbovu kwa jina jipya, na hata kumtafuta "mpiga ridhimu bora wa wakati wote" ni ugonjwa uleule umehamia kiti cha pili. Magitaa yetu yaliundwa yaitikiane. Anayelipima moja peke yake anapima nusu ya mazungumzo.

Watangazaji wa vipindi vya zilipendwa wana uwezo wa kuanza kurekebisha jambo hili wiki hii hii: kabla ya kuupiga wimbo, tafuta na usome majina ya waliopiga solo, sekondi, ridhimu na besi. Wakongwe wa bendi hizo wangalipo baadhi yao, na wanakumbuka nani alisimama wapi. Waulizwe wakiwa hai. Na wewe msomaji unayeupenda wimbo fulani kiasi cha kuugombania, usikilize mara nne, kila mara ukilifuata gitaa moja tu hadi mwisho.

Anayesifiwa kupita kiasi katika muziki wetu ni solo. Aliyedhulumiwa ni kila aliyeipa solo mahali pa kusimama. Mwenye kupinga hukumu hii anakaribishwa kukata rufaa, ila kwanza ataje wapiga ridhimu watano na bendi zao.